Chakula cha Jumamosi: Zuma, mgahawa wa Kijapani, Knightsbridge, London

Habari za jioni ndugu zangu,

Meza yetu ya watu 8 imepatikana: Jumamosi hii saa 1:00 jioni, yaani 19:00. Tunashukia stesheni ya Knightsbridge, laini ya Piccadilly. Naomba tuwahi.

1. Mchango ni paundi 90 kila mmoja, mwisho Jumatano usiku.
2. Mwenye mzio wa kamba, kaa au ufuta aniambie mapema. Asiyegusa kileo pia, maana michuzi mingi ya Kijapani hutiwa mirini au sake, ambavyo ni vileo vya mchele.

Mnaokula sushi mara ya kwanza msiogope: nigiri (tonge la wali lenye kipande cha samaki juu) huliwa hata kwa mkono, na kwenye sosi ya soya unachovya upande wa samaki, si wa wali.

Tafadhali andika NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 6 mchana. Nina hamu sana ya kuwaona.