Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni: Waprotestanti wa Msumbiji katika kumbukumbu za ukombozi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninaomba kwamba kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za ukombozi zilizomo Dar es Salaam izingatie pia dini za wapigania uhuru waliotoka Msumbiji. Tukimtaja Dk. Eduardo Mondlane, tunaitaja FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokiongoza, kilichoundwa hapa mwaka 1962, bomu lililomuua Oyster Bay tarehe 3 Februari 1969, na maziko yake Kinondoni. Lakini kwamba alilelewa na misheni ya Kipresbiteri ya Waswisi, katika koloni la Ureno ambalo serikali na Kanisa Katoliki vilikuwa vimeshikana mikono, hilo hatulisemi.

Kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, na sheria ya misheni iliyofuata mwaka 1941, elimu ya Waafrika walio wengi ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki kwa ruzuku ya serikali, huku Waprotestanti wakijitegemea na kushukiwa kuwa vibaraka wa wageni. Lugha za wenyeji zilibakizwa kwa mafundisho ya dini tu, amri iliyowagusa hasa Waswisi, ambao Biblia yao ya Kitsonga, lugha ya kusini mwa Msumbiji, ilikuwa imetoka tangu 1907. Hata hivyo misheni hiyo ilikuwa na vikundi vya vijana vilivyoitwa mintlawa, ambamo watoto walizoezwa kujadiliana na kubeba madaraka, na humo ndimo alimokulia Mondlane kabla ya kwenda Afrika Kusini kutafuta elimu ya sekondari.

Waliobaki nyumbani waliyaona makubwa. Mwaka 1972 polisi wa siri wa Ureno waliwakamata viongozi wa Kanisa la Presbiteri, na mwezi Desemba kiongozi wa sinodi yao, Mchungaji Zedequias Manganhela, akafia katika gereza la Machava. Wakuu walisema alijinyonga. Mimi siyaamini maelezo hayo.

Siombi Wakatoliki wasutwe. Miongoni mwa Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kuja huku walikuwamo Wakatoliki wengi, na Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, waliondoka Msumbiji mwaka 1971 kwa kuchukizwa na ukimya wa maaskofu wao mbele ya dhuluma za wakoloni.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni habari hizi ziandikwe kwa Kiswahili pale wageni na wanafunzi wanapoelezwa habari za Mondlane, na wazee wa Kimsumbiji waishio jijini, wa madhehebu yote, warekodiwe wangali hai.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Dar es Salaam