Tamasha la Nairobi lipewe siku yake

Kwa Mhariri,

Jiji letu lina tamasha, lakini wengi wetu hulisikia redioni tukiwa kazini. Lilipofanyika katika bustani ya Uhuru Park Desemba 2022, mimi nilifika jioni, watoto wakiwa wamesinzia.

Waziri wa Usalama wa Ndani ndiye hutangaza sikukuu kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Namwomba atupe siku ya mapumziko ya Nairobi pekee, ili tuhudhurie tamasha. Tarehe ipo: 30 Machi, siku ambayo mji huu ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Desemba haifai: ina sikukuu za Jamhuri na Krismasi, na wengi huwa wameshafunga safari kwenda ushago, yaani kijijini.

Najua kibarua wa Eneo la Viwanda ataniuliza: nisipoingia kazini leo, watoto watakula nini? Ana haki. Basi iwe nusu siku, kuanzia saa sita mchana, na kina mama mboga na wachuuzi wa mahindi choma waruhusiwe kuuza bustanini bila kutozwa ada. Makanga wa matatu nao wasipandishe nauli, ingawa hapo naota mchana.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi