Kwa nini bei yetu si bei ya dalali

Sisi tunapima na kuuza viwanja hapa Unguja. Mteja wetu mmoja wa Tunguu alikuja ofisini amekasirika, wala si wa kwanza. Ng'ambo ya mpaka wa mradi wetu dalali ameuza kiwanja cha ukubwa ule ule kwa bei ya chini sana, na mteja huyu akaona tumemdhulumu. "Udongo ni ule ule, minazi ile ile. Nyinyi mnauza nini zaidi?" Tulimjibu ana kwa ana, lakini kwa kuwa malalamiko haya hayaishi, tumeona bora tuyajibu kwa maandishi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Maeneo mengi tunayopima ni zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwenyewe akishafariki, warithi hugawana, kila mmoja anauza fungu lake, na hakuna anayekubali njia ipite kwake. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140. Dalali akikata viwanja vya mita 20 kwa 20 bila kuacha kitu, anapata 30. Sisi tukitoa robo ya eneo kwa barabara, mtaro na nafasi ya wazi, tunabaki na 22. Vile vinane vilivyopungua ndimo litakamopita lori lako la mchanga, na gharama yake inabebwa na wanunuzi wa vile 22. Hapo hatujaleta greda, hatujamwaga kifusi, hatujanunua bomba hata moja.

Mji unakua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu wote hawa wanataka pa kukaa, na wengi wanaanza na banda la uani, wakisema mambo ya njia yatakuja baadaye. Baadaye ndiyo ghali.

Tuliwahi kuitwa Fuoni na majirani waliokwisha kujenga, wakitaka tuwatilie barabara. Tulikuta kichochoro baina ya kuta mbili. Matofali yao yote yaliingia kwa gari la ng'ombe, kwa hiyo kila mzigo walilipa mara mbili: lori mpaka barabara kuu, kisha ng'ombe mpaka msingini. Mama mmoja karo lake, yaani shimo la choo, lilijaa. Gari la kunyonya likasimama mbali, mpira ukanyooshwa mpaka mwisho na haukufika uani kwake. Akachimba karo la pili, hatua chache tu kutoka kisima cha jirani. Mwamba wetu wa matumbawe una nyufa, uchafu unashuka mpaka kwenye maji yale yale ya ardhini tunayoyanywa. Kupanua ile njia kulitaka kuvunja kuta tatu na banda la mtu, na fidia juu yake. Hawakuelewana, tukaondoka. Hesabu ya fidia peke yake ilishapita gharama ya barabara nzima ingelikatwa mapema.

Umeme nao una kisa chake. Wateja wetu wawili, kabla hawajaja kwetu, walichangishana nguzo kuwafikishia laini. Jirani wa tatu alikataa, akasubiri. Laini ilipofika akaungwa kutoka nguzo ile ile, bila kuwarejeshea hata shilingi. Ndiyo maana kwetu gharama ya nguzo imo ndani ya bei ya kila kiwanja, cha mwanzo na cha mwisho, na hatuikati kwa anayesema hatojenga mpaka miaka kumi ijayo.

Wengine wanauliza mbona hatukopi benki tukamaliza kazi kwanza, kisha tukauza. Mkopo unaanza kuhesabiwa siku greda linapowasha injini, na viwanja huuzika polepole. Gharama hiyo ingemrudia mnunuzi, na wengi wenu mmetuambia wazi kwamba riba hamuitaki. Kwa hiyo tunakwenda kwa awamu: malipo ya mwanzo yanapima, yanaweka bikoni (alama za mipaka) na kufungua njia, ya pili yanachimba mtaro na kulaza bomba, ya tatu yanasimamisha nguzo. Mkichelewesha awamu ya pili, mtaro nao unachelewa. Hatuna mfuko mwengine wa kuuchotea.

Bomba la kukatiza barabara tunalilaza kabla ya kifusi kushindiliwa, ili kesho mtu asije na sururu kupasua njia ya wenzake. Na eneo hatulichori mpaka tulitembelee masika, mvua ikinyesha, tuone maji yanasimama wapi na yanakimbilia wapi, tuyawekee alama. Anayekumbuka mafuriko ya Mwanakwerekwe haulizi kwa nini. Kiwanja kinachotuama maji hatukiuzi, hata mnunuzi akilia nacho.

Jambo moja kwa wanaonunua popote, hata kama si kwetu. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, unachonunua ni haki ya kuitumia, na uhamisho wake unapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Karatasi iliyopigwa muhuri kwa sheha, kiongozi wa mtaa, haitoshi peke yake. Mwambie anayekuuzia akuoneshe ramani, na uitazame njia: imechorwa kuwa njia, au ni kiwanja cha mtu ambaye hajajenga bado?

Mwenye shaka na awamu yake aje na risiti zake. Kila mradi una daftari lake, na tutalifungua mbele yake aone kifusi kilinunuliwa lini na bomba zimelipiwa ngapi.