Shukrani kwa mzee wa Kitulo

Shikamoo mzee wangu. Jina ulikataa kulitaja, basi nakushukuru hivi hivi hadharani.

Wengi wanaopanda zile kona 57 kutoka Chimala hufuata maua tu, na ni haki yao, maana Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua. Wewe ulituacha tuyatazame, kisha ukatuonyesha ndege. Tandawala akitembea nyasini polepole, shingo juu. Halafu mbayuwayu wa buluu! Ulitueleza kwamba hujenga viota ndani ya mashimo, hata yale yaliyochimbwa na muhanga, na kwamba nyasi zikilimwa anakosa pa kuzalia. Ukatuzuia tusisogee, ukakaa nasi kwenye baridi ile mpaka wanangu wote wakamwona kwa darubini. Sisi watu wa Mbeya tuna mali huko juu: ndege huyu anahesabiwa duniani kote miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Pesa nayo uliikataa. Asante sana, mzee. Picha ya tandawala nimeisafisha, nimeiacha dukani pale Matamba, ni yako.