Oili chafu isimwagwe juu ya mawe ya Goma

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mwendesha pikipiki wa mtaa wa Birere, hapa Goma, na oili hubadilisha mwenyewe nyumbani: huwasha injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, hufungua nati ya chini, kisha huosha kichujio cha wavu, ambamo hunasa chembe za chuma zinazong'aa kama magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Kinachoniumiza ni ile lita moja nyeusi ambayo wenzangu wengi huimwaga uani, ilhali ua wetu ni mawe ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, yenye matundu yanayopitisha kila kitu, na Ziwa Kivu tunakochota maji liko chini yetu. Nawasihi tuihifadhi katika bidoni, yaani madumu, na wakuu wa mji watutengee mahali pa kuikusanya.

Msomaji wenu,
Goma