Hospitali ilitangulia, chuo kikafuata

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka kufungua vyuo vikuu binafsi jijini Dar es Salaam waitazame kwanza Mikocheni, ambako Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alianzisha hospitali mwaka 1987, na chuo kikuu cha sayansi za afya kikafuata mwaka 1997. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari alikuta wodi zenye wagonjwa na daktari wa kumwelekeza kando ya kitanda. Mwanzilishi alifariki mwaka 1999, lakini chuo, kilichopewa jina lake, kikaendelea kukua. Siku hizi (mabango hayakosekani barabarani) kozi hutangazwa kabla ya maabara kukamilika. Tume ya Vyuo Vikuu ikague vifaa na walimu kabla ya kuruhusu udahili.

Msomaji,
Dar es Salaam