YAH: Albamu ya harusi iliyorudi na watu waliopauka

Kwa meneja, kitengo cha picha na albamu,

Habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa huku Tanga, mteja wenu wa siku nyingi tu, kazi zangu za harusi nawatumia kwa mtandao, nyie mnasafisha afu mnanirushia mzigo kwa basi, na sijawahi kuwaandikia barua ya namna hii. Ila hii albamu ya mwisho jamani hapana. Nimempigia dada wa mapokezi, nimechati na kijana wenu wa mashine, kila mtu ana jibu lake, ndo maana nimeona niandike yote sehemu moja asije mtu akasema hakuelewa.

Tatizo ni rangi za watu. Bibi harusi ni maji ya kunde, bwana harusi ni mweusi, na bibi mzaa mama, ambaye ndo kakaa katikati kwenye picha ya familia na kilemba chake cha njano, ni mweusi tii na kapendeza hivyohivyo. Kwenye albamu yenu wote watatu wana rangi moja, kijivu chenye waridi kwa mbali, ukimwambia mtu hawa wametolewa wodini kuja kupigwa picha anakubali. Hina ya mikononi niliyoihangaikia mwanga wa dirishani ili maua yaonekane mpaka kwenye kucha, imefifia, vidoleni huoni kitu. Na shela ndo usiseme, lesi yote imeungua kwa mwanga kuzidi, limebaki pande jeupe, na fundi wa lile shela yupo mtaa wa pili kwetu huku ananidai picha za kuonyesha wateja wake.

Bibi harusi kafungua kurasa mbili tatu akaniuliza hivi huyu ni mimi? Mama yake hakuuliza kitu, kaifunga tu akaisukuma kwangu.

Sasa kijana wenu akaniambia faili zangu zilikuwa giza ndo maana mashine ikazisaidia. Hapo ndo penyewe. Mashine haijui harusi wala haijui bibi, inachojua ni wastani, inataka kila picha ikijumlishwa mwanga wake iwe ya kijivu cha katikati, kile cha kadi ya kupimia mwanga, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, tulichofundishwa wote. Ukiipa uso mweusi, suti nyeusi na pazia la maruni nyuma inasema hii picha ina giza, inaipandisha. Na msinibishie kwa sababu ushahidi upo kwenye albamu hiyohiyo: picha ya keki, keki nyeupe kwenye kitambaa cheupe, hiyo mmeitia giza, keki imekuwa kama ya saruji! Na zile za nje mbele ya ukuta wa chokaa, watu walewale, nguo zilezile, wametoka na rangi zao karibu sawa, sababu ukuta mweupe uliipa mashine wastani inaoutaka. Sasa faili zangu zilikuwa giza au zilikuwa nyeupe? Haiwezekani niwe nimekosea pande zote mbili halafu zikutane katikati kwenye kijivu chenu.

Afu geuzeni picha zenyewe, zile za 5x7 mlizotuma pamoja na albamu. Nyuma mashine huwa inachapa masahihisho yaliyofanyika. Kazi zangu za zamani kwenu ziliandikwa N kila sehemu, maana yake haikuguswa, ndo makubaliano yetu, mimi nimeshaediti nyie printi tu. Safari hii zimejaa namba, na pale kwenye D, ambapo ndo pa uzito wa picha, yaani giza lake, ile ya bibi imepunguzwa kabisa. Hiyo namba sikuiandika mimi.

Jibu la pili, eti labda nimetuma kwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi za faili. Faili zote ni sRGB, ule mfumo wa kawaida, na profaili yake, ile lebo inayoiambia mashine rangi zisomwe vipi, imo ndani, fungueni muone. Na hata ingekuwa hivyo, rangi zingefifia kila mahali, zulia na maua ya jukwaani nayo yangefifia, keki isingekuwa na sababu ya kutiwa giza. La skrini yangu nalo ni hivyohivyo, imepimwa, na faili hizohizo nimezipeleka kwa jamaa mmoja hapa mjini mwenye mashine ndogo iliyochoka, nikamwambia zima oto, mashine isijirekebishie yenyewe, usiguse kitu. Kanitolea bibi na kilemba chake na mikunjo yake yote ya usoni. Nimeiambatanisha hapa, wekeni pembeni ya yenu.

Hayo yote ningeyameza, makosa ya mashine yapo. Kilichonikera ni jibu la dada wa mapokezi, tena alilitoa kwa upole tu kama ananipa habari njema: "lakini si wamependeza, wametoka weupe, wateja wengi wanapenda." Wateja gani? Mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni serikali imeupiga marufuku madukani, sasa nyie mnaupakia kwenye karatasi na mnamlipisha mtu? Mtu akitaka aonekane mweupe atasema mwenyewe, na wapo wanaosema, nami huwa naongea nao. Huyu bibi harusi hakusema. Bibi yake ndo kabisa, ana umri wake, hiyo huenda ndo picha atakayokumbukwa nayo ukoo mzima na mmeamua kumbadilisha bila kumuuliza mtu.

Na msiniambie ndo teknolojia ilivyo. Tunajua Kodak tangu miaka ya 1950 walikuwa wanazipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya dada wa kizungu, wakaiita Shirley, akitoka vizuri yeye basi mashine imekaa sawa, sisi wengine tutoke tunavyotoka. Inasemekana hata walipoanza kuboresha rangi za kahawia waliosikilizwa ni wauza chokoleti na wauza fenicha, sio watu. Haya, hayo ni ya enzi za filamu. Leo hata simu zimebadilika, Google mwaka 2021 walitoa Pixel 6 na kitu walichokiita Real Tone, kazi yake ngozi nyeusi isipaushwe. Simu ya mfukoni inajua, mashine ya mamilioni haijui, na mwendeshaji amekaa mbele yake anaangalia.

Ninachotaka ni hiki. Albamu irudiwe yote kwa gharama zenu pamoja na nauli ya mzigo, sitaki punguzo la kazi ijayo. Oto izimwe, C, M, Y (sayani, magenta na njano) na D zote ziwe N. Kama mwendeshaji akiona uso kweli umepauka asianze kumwaga rangi juu ya weupe, itatoka nyekundu kama imeungua jua, arudishe uzito kwanza, D ipande kidogo, akishaona shavu limekaa na ile ng'ao ya kwenye paji la uso imetulia ndo aguse njano na magenta. Ngozi ya kahawia ni chungwa lililotiwa giza, ukiipandisha mwanga na kuinyima njano yake inageuka majivu, na ndicho kilichotokea hapa, taa za ukumbi zilikuwa za manjano mashine ikaona kasoro ikaifuta, ikafuta na watu.

Kabla hamjaprinti albamu nzima toeni majaribio ya picha tatu, ya bibi, ya hina na ya keki, mzitume kwa basi la jioni nizione kwenye mwanga wa mchana, sio picha ya picha kwenye WhatsApp. Albamu iliyoharibika ninayo, siirudishi mpaka nyingine ifike. Risiti ya malipo na faili nimeambatanisha tena, na namba yangu mnayo, apige meneja mwenyewe sio mapokezi.

Mpiga picha wenu, Tanga